Zamu ya Mashine ya Visiki

Nilipoolewa nikatoka Ushirombo kwenda upande wa Geita, kitu cha kwanza nilichokiona kwenye mashamba ya ukweni ni visiki. Kwetu pia vilikuwepo, lakini sisi tulilima kwa jembe la mkono, tukavizunguka kama mtu anavyozunguka nyumba ya jirani. Huku ng'ombe walivuta plau, na plau haijui kuzunguka. Ikigonga mzizi, ncha hupinda, mnyororo hukatika, na ng'ombe husimama wakigeuza vichwa kumtazama mchungaji.

Ilikuwa miaka ya sabini, muda mfupi baada ya watu kuhamia vijijini. Mashamba tuliyogawiwa yalikuwa pori lililofyekwa kwa haraka. Miti ilikatwa usawa wa kiuno, magogo yakaenda kuwa nguzo na kuni, vikabaki visiki vya mininga, mitundu na migunga, vingine vipana kama meza. Mvua ikinyesha vilichipua upya, na kwa mbali shamba lilionekana limepandwa kitu.

Kung'oa kisiki kikubwa kwa mikono haikuwa kazi ya mtu mmoja. Wanaume walichimba kukizunguka, wakakata mizizi ya pembeni kwa shoka, wakajaza kuni shimoni na kuwasha moto, wakarudi siku nyingine kuumaliza mzizi wa katikati. Kazi hiyo, pamoja na kulima na kupalilia, ilifanywa na basumba, kikundi cha kijiji ambacho kila kaya ilitoa mtu wake. Walikwenda kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na ngoma ikiwatangulia. Mwenye shamba alipika. Aliyechelewa alitozwa kuku. Aliyekosa bila taarifa alitozwa mbuzi. Aliyeugua alisamehewa na wenzake wakamalizia sehemu yake, ila siku hiyo chakula kilitoka nyumbani kwake hata kama shamba si lake. Hakuna mahali sheria hizo zilipoandikwa, na sikuwahi kumsikia mtu akisema amezisahau.

Kiongozi wao, ambaye Wasukuma humwita nsumba ntale, alikuwa binamu wa mume wangu. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti iliyofika mtoni kabla yake. Mimi aliniita shemeji, na hakupita nyumbani bila kunichokoza.

"Shemeji, huko kwenu Ushirombo kwenye misheni mnalima au mnasali tu?"

"Tunasali ili tupate wa kutulimia," nilimjibu siku moja, naye akaenda kulirudia jibu hilo kila mahali.

Mume wangu hakuwa mtu wa jembe. Tangu ujana wake alikuwa fundi kwenye karakana ya mgodi wa almasi, upande wa Songwa, na aliporudi nyumbani alirudi na sanduku la spana na masikio yaliyozoea kelele. Alinunua trekta dogo lililokuwa limekufa kwenye ua wa kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Kuku walikuwa wametaga chini ya kiti chake. Akalifufua polepole, likaanza kulima, na likaanza kuvunjika. Kila kisiki kilidai boliti. Jioni moja alikaa mbele ya plau iliyopinda, kisha akaniambia, "Hivi visiki sitaving'oa. Nitavisaga."

Nilidhani ni hasira. Lakini wiki hiyohiyo mtu alikuja na baiskeli iliyobeba gunia, akiisukuma maana isingepandika. Ndani mlikuwa na vichwa vya kuchorongea miamba, vilivyochakaa, vilivyookotwa na wauza vyuma chakavu kuzunguka mashimo ya zamani ya dhahabu. Kwenye ncha ya kila kimoja kulikuwa na kipande cha chuma cha rangi ya majivu, kigumu kiasi kwamba tupa iliteleza juu yake kama juu ya kioo.

"Hiki hakiogopi jiwe," alisema. "Mninga utakifanya nini?"

Nilikuwa na tabia ya kuuliza, naye alikuwa na tabia ya kueleza, kwa hiyo niliijua mashine ile kipande kwa kipande. Sahani yake ilikuwa gurudumu zito la injini ya kusagia nafaka. Meno yalipangwa kwenye ukingo wake. Sahani ilikaa kwenye ekseli yenye beringi mbili, juu ya fremu ya vyuma, na fremu ikaning'inia kwenye ile mikono ya nyuma ya trekta inayoinua na kushusha plau. Nguvu ilitoka kwenye shafti fupi inayozunguka nyuma ya trekta: puli kubwa kwenye shafti, puli ndogo juu kwenye ekseli ya sahani, na kati yake mkanda mpana wa turubai kutoka kiwanda kilekile cha pamba. Puli kubwa ikizunguka mara moja, alinieleza, ndogo inazunguka zaidi ya mara mbili, na mwendo ndio unaokata. Juu ya sahani alifunika nusu ya pipa la mafuta.

Mara ya kwanza ilishindwa. Alikuwa ameyachomelea meno kwa umeme huko mjini, na hakufikiri kwamba zile ncha ngumu zilikuwa zimeshikizwa na shaba. Moto wa kuchomelea ukaiyeyusha shaba. Sahani ilipogusa kisiki, ncha ziliruka moja baada ya nyingine, tukatumia asubuhi nzima kuzitafuta majanini kama watu waliodondosha sindano. Akarudi mjini, akatoboa matundu, akayafunga meno mapya kwa boliti.

Mara ya pili ilikata, ila ilitupa vumbi na mabonge ya udongo upande wa kushoto, ambako mama mkwe, niliyemwita mayu, alikuwa amekaa akimenya karanga. Bonge moja lilitua kwenye ungo wake.

"Wewe mtoto!" alipiga kelele. "Unanitupia udongo ningali hai?"

Mume wangu alizima injini, akautoa mkanda, akaurudisha akiwa ameupindua katikati ukakatiza kama nambari nane. Sahani ikazunguka kinyume, na taka zote zikaenda kulia, porini. Mayu hakuhama. Alisema aliyekosea ndiye ahame.

Mara ya tatu nilisimama nikaangalia mpaka mwisho. Alirudi kinyumenyume mpaka sahani ikawa juu ya kisiki, akashusha mikono taratibu. Mlio ulianza juu ukashuka, kama mtu mwenye sauti nene anayesafisha koo. Sahani ilizama, ikaacha mfereji. Akaiinua, akasogea kiasi cha upana wa kiganja, akaishusha tena, kama mtu anayekata nyama ya kukausha. Kisiki cha mninga kilitoa vumbi jekundu lenye harufu tamu, likatanda chini kama pilipili ya kusaga. Alikwenda chini ya usawa ambao plau ingefika, akasimama. Palipokuwa na kisiki pakawa na bakuli la unga wa mti. Mayu alikuja akaingiza mkono, akatoa konzi, akanusa.

"Basi na mimi nina mashine ya kusaga," alisema, "ila unga wake hauliwi."

Kiangazi kile mume wangu alisafisha shamba letu lote bila kumwita mtu yeyote, wala hakwenda kwenye zamu za wengine. Mimi sikupika. Nilikuwa nimezoea kuamka na giza kusonga ugali wa watu wengi, na nikaona nimepata mapumziko ya mwaka. Alipomaliza eneo tulilogawiwa, aliomba kwa uongozi wa kijiji pori lililoendelea kushuka bondeni, akapewa kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka, akalisaga nalo. Shamba likawa kubwa mara tatu.

Binamu yake alipita siku moja akasimama ukingoni mpaka injini ilipozimwa, ndipo akasalimu.

"Mwadila, fundi."

"Mwadila, binamu."

"Naona umepata basumba wapya."

"Ni huyu mmoja tu," mume wangu alisema akicheka, akalipiga pipa kofi.

"Anaimba vibaya," binamu yake alisema, naye akacheka, akaenda zake. Sikuona chochote katika kicheko kile. Mayu alikiona. Jioni alisema, akimimina maji ya kunawa, "Mwanangu, mtu anayelima peke yake hupalilia peke yake." Mume wangu alimjibu kwamba kupalilia kuko mbali.

Mvua zikaja vizuri. Tulipanda pamba juu mpaka chini, na ikaota yote. Ndipo nikagundua, kwanza kisimani, kwamba salamu zetu zimefupishwa. Msukuma akikusalimu asubuhi haishii kwenye "mwangaluka." Atauliza ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, ya ulikotoka, na wewe umuulize yote hayo. Sasa wanawake walisema "mwangaluka, mhola," salamu na jibu lake tu, wakainama kuteka maji. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyeninyima zamu ya kuteka. Ni ule mkia wa salamu tu uliokatwa.

Kisha magugu yakaota. Ardhi ya pori iliyopata mvua kwa mara ya kwanza bila kivuli hutoa majani kwa fujo, na udongo uliochanganyika na unga wa visiki ulikuwa laini na wenye rutuba kwa kila kitu, si kwa pamba tu. Tulianza kupalilia watatu: mimi, mume wangu na mayu. Tulipomaliza mistari ya juu, ya kwanza ilikuwa imerudi kuwa kijani. Mashine ilisimama chini ya paa la nyasi, haina kazi. Haikujua kutofautisha pamba na gugu.

Mume wangu alikwenda kwa binamu yake kuomba kikundi. Alirudi upesi.

"Amesemaje?" nilimuuliza.

"Amesema zamu hupewa aliyemo."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kimetokea. Kwa desturi yao, kaya isiyowaita basumba wakati wa visiki, na isiyotoa mtu kwenda kwa wengine, imejitoa yenyewe. Hakuna aliyetufukuza. Tulitoka kwa kelele ya injini. Na kujitoa hakukuhusu pamba peke yake. Basumba ndio waliochimba makaburi, waliobeba wagonjwa kwa machela hadi barabarani, walioezeka nyumba iliyoezuliwa na upepo. Mayu alikuwa mzee, na aliuliza swali moja tu: "Mimi nikifa, mtanisaga?"

Kesho yake mume wangu aliomba asikilizwe. Basumba walikutana alasiri kwenye uwanja ulio mbele ya zizi la binamu yake. Wanawake hatukukaa nao, ila mayu na mimi tulikuwa tumepeleka togwa, na hakuna aliyetuambia tuondoke, kwa hiyo tulikaa karibu na mitungi nikasikia kila neno.

"Nilidhani nawapunguzia kazi," mume wangu alianza.

"Nani alikulalamikia kazi?" mmoja alimuuliza.

"Hakuna."

"Tulikuwa tunakuja kwako tunakula," mwingine alisema. "Mke wako wa Ushirombo anapika vizuri, hata kama chumvi anaionea huruma. Ukatunyima."

Watu walicheka. Binamu yake aliinua mkono.

"Fundi, sikiliza. Mwaka jana nani aling'oa visiki vyako?"

"Mimi."

"Kwa shoka gani?"

"Kwa mashine."

"Basi sema vizuri. Mashine iling'oa. Wewe ulikuwa umekaa juu yake kama bwana harusi." Kicheko tena. "Sasa mimi nauliza hawa wenzangu. Kama kuna mwenye nguvu hapa kijijini, anakula mafuta, anang'oa visiki kuliko watu wote, na hayumo kwenye kikundi, tunamfanyaje?"

"Aingie!" mtu alisema kwa utani.

"Aingie," binamu alirudia, ila yeye hakucheka. "Ashike zamu kama mtu. Akichelewa, kuku. Akikosa, mbuzi."

Wakaanza kubishana, na nikaona kwamba utani umekuwa shauri. Mzee mmoja aliuliza kama mashine ikiingia, mume wangu atahesabiwa ameingia. Wengine wakasema ndiyo, ni kaya moja. Binamu alikataa. Mashine ni mmoja na fundi ni mwingine, alisema, maana mashine haishiki jembe na fundi ana mikono. Kaya yetu itoe wawili.

"Kila kaya inatoa mmoja!" mume wangu alisema.

"Kila kaya ina shamba moja. Wewe una matatu."

Mume wangu akakubali. Alitoa beberu wa kurudia kundini, akaliwa palepale, na tukapewa zamu ya karibu na mwisho, kama mgeni yeyote. Jioni ile, tukirudi nyumbani, tulipita shambani. Pamba ya bondeni ilikuwa tayari imezama kwenye nyasi zilizotufika magotini.

Kuanzia hapo mume wangu aliamka na ngoma ya asubuhi kama vijana wengine, akaenda kupalilia pamba za watu huku yake ikimezwa. Hakuwa amelima kwa safu tangu utoto; kwenye zamu za zamani basumba walimpa kazi ya kunoa majembe na mashoka yao. Basumba hulima wakiwa mstari mmoja, jembe kwa jembe, kwa mwendo wa ngoma, na aliyebaki nyuma huachwa kama jino lililong'oka. Yeye alibaki nyuma kila mara.

"Fundi, gia ya ngapi hiyo?" walimuuliza.

"Ya kurudi nyuma," alijibu, na nilipoisikia hadithi hiyo kisimani, aliyenisimulia aliniuliza pia habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe na za kwetu Ushirombo. Nikajibu moja moja. Niliporudi, nilikuwa nimechelewa kupika.

Viganja vyake vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakaota mapya. Usiku nilimpaka samli. Hakulalamika, ila kila siku aliniuliza, "Bondeni kukoje?" Nami nikamwambia kulivyokuwa.

Zamu ya mashine ilikuja kabla ya zamu yetu. Mwanakikundi mmoja alikuwa akifungua kipande kipya cha matuta ya viazi kwenye mwinuko, na ndani yake kulikuwa na visiki vya migunga. Sharti lilikuwa wazi: mashine ikitimiza, sisi tunafuata. Isipotimiza, jina letu linashuka chini.

Basumba wote walikuja kutazama, kwa kuwa mwenzao ndiye alikuwa kazini siku hiyo. Walikuja na ngoma. Mume wangu alipowasha injini, mpigaji alijaribu kuufuata mwendo wake akashindwa, akasema huyu mwanachama hana masikio. Mashine ilisaga kisiki cha kwanza, cha pili, ikaendelea. Kisha manyunyu yakaanza. Mkanda wa turubai ukalowa, ukaanza kuteleza na kutoa harufu ya nguo inayoungua, na katikati ya kisiki kikubwa kuliko vyote ukakatika kwa mlio wa mjeledi.

Mume wangu alivishika vipande vyote viwili mkononi. Nilimtazama usoni. Hakukuwa na mkanda mwingine mpaka mjini, na barabara ilikuwa matope.

"Amekosa kazi," mmoja alisema. "Mbuzi."

"Hajakosa," mwingine alijibu. "Alikuja. Umemwona mwenyewe."

"Amekuja, hajamaliza."

"Ameugua," mayu alisema kutoka pembeni. Sikujua kwamba alikuwa ametufuata. Alikuwa amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya mvua. "Mtu akiugua shambani mnamtoza mbuzi? Tangu lini?"

Walimgeukia. Hakuwa na haki ya kusema pale, na kila mtu alilijua hilo, lakini hakuna aliyekuwa na umri wa kumnyamazisha.

Binamu alikuja akaugusa mkanda. Akanusa vidole vyake.

"Ana homa kweli," alisema. Akavua shati, akalitundika kwenye usukani wa trekta. "Haya. Sehemu ya mgonjwa."

Walichukua mashoka na majembe wakaingia kwenye kile kisiki. Mashine ilikuwa imekata mifereji mirefu ndani yake, kwa hiyo vipande vilitoka kwa urahisi, ila mizizi ya mgunga ni mizizi ya mgunga, na mvua ilikuwa haijakoma. Mume wangu alichimba pamoja nao, amepiga magoti kwenye tope. Mimi nilikuwa tayari nimegeuka kwenda nyumbani. Mgonjwa alikuwa wa kwetu, na ugali ulikuwa wa kwetu. Nilipika ule wa watu wengi, nikaongeza chumvi kwa makusudi. Walikula wote, na yule aliyenisema mbele ya zizi akaomba maji mara mbili.

Siku ya zamu yetu walifika na jua la kwanza. Walianzia juu na kushuka, safu moja ndefu, na mume wangu ndani yake, si mbele wala nyuma sana. Nyuma yao mistari ya pamba ilijitokeza mmoja mmoja, myembamba, ya njano kwa kukosa jua, lakini hai. Mchana walikuwa wamefika pale ambapo shamba la zamani liliishia na nyongeza ya bondeni ilianzia. Hapo binamu alisimamisha ngoma.

Aliingia peke yake kwenye nyasi, zikamfika kifuani. Aliinama, akatafuta, akatoka na mche wa pamba mkononi, mrefu, mweupe kama kitu kilichoota chini ya jiwe.

"Binamu," alisema, safari hii hakumwita fundi, "huku tunaweza kulima mpaka kesho kutwa, na hutavuna hata debe. Na wapo wawili wanaonisubiri nyuma yako. Ukisema tulime, tutalima. Ni zamu yako."

Mume wangu aliuchukua ule mche akautazama. Miezi mingapi alikuwa amekaa juu ya chuma kile kwa ajili ya bonde hili, mimi ndiye niliyejua, maana nilikuwa nikimpelekea uji huko.

"Ingizeni ng'ombe," alisema.

Ng'ombe wa jirani waliingia jioni ileile, wakala nyasi pamoja na pamba yetu, na maziwa yalikuwa mengi kijijini kwa siku kadhaa. Tulivuna sehemu ya juu, mavuno ya kawaida ya kaya ya kawaida. Kiangazi kilichofuata mashine ilipata mkanda mpya, ikazunguka kijiji kizima ikisaga visiki vya wengine, na mara mbili ilitozwa kuku kwa kuchelewa. Bondeni kwetu palibaki malisho. Kila mara mtu alipomwomba amfungulie eneo jipya, mume wangu alikwenda kwanza kwa binamu yake kuuliza kikundi kitaweza kupalilia kiasi gani mwaka huo. Wakitembea pamoja ukingoni mwa shamba, binamu alichomeka fito mahali pa kuishia, na mume wangu akarudi kuwasha injini.